Nilimwambia Kuzika Si Safari

Mama yangu alizikwa Vanga, upande wa Kenya, si mbali na Moa iliyo upande wetu wa Tanzania. Sisi Wadigo mpaka ulitukuta. Shangazi wako huku, wajomba wako kule, na mtu akifa hatuulizani amefia nchi gani. Sina kaka. Simu ya msiba ilipokuja, mpangaji wangu alifunika cherehani yake akasema, "Dada, tunakwenda wote. Mama hawezi kukosa mtoto wa kiume wa kumpokea kaburini."

Alikuwa mkimbizi wa Kongo, Mwislamu kutoka Maniema. Alitoka kambini akaja Tanga kwa kibali cha matibabu, akapanga chumba cha uani kwangu, mtaa wa Usagara. Kibali hakikumruhusu kuvuka mpaka. Kituo cha mpakani Horohoro wangemrudisha, na maiti haingojei. Tukapita njia ya miguu ambayo watu wa Moa huipita kila siku wakienda harusini na mazikoni. Aliingia kaburini, akampokea mama yangu, akamlaza kwa ubavu. Kesho yake tukarudi.

Wakati huo alikuwa akisubiri kukubaliwa katika nchi ya mbali, walikotangulia mkewe na binti yao. Walimchunguza kwa miaka: alama za vidole, picha ya kifua, mahojiano, halafu mahojiano ya kuhakiki yale mahojiano.

"Dada, jana wameniuliza nyumba niliyoikimbia ilikuwa na milango mingapi."

"Ukasemaje?"

"Miwili. Wakasema mwaka juzi nilisema mitatu. Nikawaambia, ule wa tatu ni wa kuku."

Tulicheka sana siku hiyo.

Kabla ya mahojiano ya mwisho alinifuata nikichambua mchicha. Lilikuwepo swali lililomsumbua: je, tangu aandikishwe amewahi kutoka nje ya nchi hii?

"Sema hapana," nikamwambia.

"Na Vanga?"

"Vanga ulikwenda kuzika. Kuzika si safari, kaka yangu. Utawachanganya bure."

Akanisikiliza. Mimi ndiye mwenyeji, ndiye ninayejua mambo ya huku. Sikuwa najua kitu. Nilisema tu kama tunavyosema kwetu.

Baadaye nikaitwa mimi, kama mwenye nyumba. Aliyenihoji alikuwa kijana wa Kitanzania, mpole, akanipa shikamoo. Akanieleza kwamba kusema uongo mbele yake ni kosa la kushtakiwa. Kisha akauliza kama mpangaji wangu amewahi kuvuka mpaka. Nikasema, mara moja, kumzika mama yangu.

Dada yangu wa tumbo moja hunifariji kwamba nilisema kweli. Lakini sikuisema kwa kumwogopa Mungu. Nilimwogopa yule kijana na karatasi zake. Ningekuwa mkweli, ningejibu na swali lililofuata.

"Sasa mama, mbona yeye alituficha?"

Nikasema, "Sijui, mwanangu."

Barua ilipokuja ilisema ombi limekataliwa kwa kuwa alificha kwamba aliwahi kuvuka mpaka, na maelezo yake hayaaminiki. Chini iliandikwa kwamba anaweza kuomba liangaliwe upya akiwa na ushahidi mpya, mradi uwafikie kabla ya tarehe fulani. Ushahidi huo ulikuwa mimi, niliyemwambia aseme hapana. Alinisomea barua nzima mara mbili.

"Nani kawaambia, Dada? Pale walionijua ni wewe na marehemu. Na marehemu hawajamhoji."

Nikamwambia wali unaungua, nikaingia jikoni.

Kila asubuhi nilikusudia kumwambia. Nilimwambia tarehe ilipokwisha kupita. Mpaka leo sijui kama nilifanya hesabu ya kuisubiri ipite. Naogopa niliifanya.

Hakunigombeza. Alimpigia mkewe, wakaamkiana, akanipa simu. "Mwambie mwenyewe."

Nilimwambia yote: nilivyomfundisha mumewe kusema hapana, nilivyomwambia yule kijana ndiyo, na ile “sijui” yangu. Nyuma yake nikasikia mtoto wa kike akimuuliza mama yake anaongea na nani.

"Huyo mama yako," akasema, "alizikwa vizuri?"

"Alizikwa vizuri."

"Alhamdulillah," akasema. Kisha akaniomba nimrudishie mumewe simu.