Chai Iliyovuliwa Mtoni

Nilipooa, miaka ya hamsini, tulikaa Wema, kijiji cha kando ya mto, na chai ya mke wangu ilijulikana hadi Garsen. Siri ilikuwa viungo. Alinunua iliki, mdalasini, tangawizi kavu, karafuu na pilipili manga, akavianika kwenye ungo mpaka vikauke kabisa, akavikaanga kidogo bila mafuta, kisha akavitwanga katika kinu chake kidogo. Kinu hicho hakikutiwa kitu kingine chochote, hata chumvi.

"Kinu kina pua," alizoea kusema. "Kikinusa kitu hakisahau."

Rafiki yake mkubwa alikuwa mwanamke wa Kiorma, wafugaji wa ng'ambo ya mto, aliyetuletea maziwa kila asubuhi katika kibuyu kilichofukizwa moshi. Yeye alitoa maziwa, mke wangu alitoa viungo, nao walicheka pamoja mpaka jua likawa kali. Kaka wa rafiki huyo alipokaribia kuoa, rafiki alimwomba mke wangu viungo vya chai ya harusi. Kwanza mama yao angekuja kuonja.

Siku ya kuonja mke wangu alichelewa shambani. Mimi, msomi wa sekondari, nikaona nimsaidie. Viungo alikuwa ameshavikaanga. Kinu kidogo nilikiona cha kunichelewesha, nikachukua kile kikubwa cha nje, ambamo jana yake tulikuwa tumetwanga kambare mkavu. Nilikisuuza kwa kata moja ya maji, nikavitwanga humo, nikajiambia karafuu itafunika harufu ya samaki. Na nilijua vizuri kwamba majirani zetu Waorma hawali samaki. Kwao ilikuwa aibu.

Mke wangu aliporudi wageni, rafiki yake na mama yake, walikuwa wameshakaa mkekani. Alikuta viungo tayari, akanishukuru, akapika mbiombio, hakupata hata nafasi ya kunusa.

Yule mama alipiga funda moja, akaweka kikombe chini polepole.

"Binti," akamwambia mke wangu, "chai hii umeipika au umeivua?"

Mke wangu akanigeukia. Neno moja tu lingetosha: ni mimi. Badala yake nikasema, "Mke wangu, nimekuambia mara ngapi uoshe vyombo?"

Wageni waliaga kwa adabu. Kesho yake maziwa hayakuja, wala keshokutwa yake. Tulikunywa chai ya rangi, bila viungo, bila mazungumzo.

Wiki ya tatu nikavuka mto kwa mtumbwi hadi bomani kwao, nikamweleza yule rafiki yote. Alinisikiliza huku akikamua, kisha akacheka mpaka ng'ombe akasogea.

"Shemeji, mimi najua mkono wa mwenzangu. Siku ile ile nilijua ni wewe. Yeye mwenyewe umemwambia?"

"Bado."

"Basi maziwa pia bado."

Nikarudi. Nilimkuta mke wangu akipepeta mpunga, nikasema kwa shida iliyozidi mtihani wowote niliowahi kufanya. Hakuinua macho.

"Najua," akasema. "Kinu kikubwa kilinukia karafuu wiki nzima."

Asubuhi yake kibuyu kilikuwa mlangoni, na vicheko vikarudi. Nilicheka nao, ingawa sikustahili. Harusi ilikuwa imeshapita. Walikunywa chai ya viungo vya mtu mwingine, na watu wa boma zima walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba mke wangu haoshi vyombo.