Farasi Kipofu na Tumbaku ya Babu

Enzi zetu, enyi mliokula githeri ya shule kwa mfuniko wa mkebe, kitabu cha hadithi kilikuwa kimoja kwa darasa zima. Kililala kwetu kwa zamu kama mgeni, kikirudi shuleni kinanuka moshi na mafuta ya taa. Chetu cha darasa la sita kilimhusu farasi kipofu aliyeuzwa kwenye soko la mji mmoja mkongwe wa Uingereza, na msichana aliyemlilia.

Zamu yangu ilipofika, babu alichana ukurasa wa mwisho akasokotea tumbaku. Mama alinitazama tu, akasema, "Utajibu mwenyewe mbele ya mwalimu." Jumatatu nikaitwa nisome mwisho. Nilikishika kitabu karibu na pua nikasoma ukurasa usiokuwepo: farasi aliponyoka, akafuata harufu ya nyumbani, akagonga mlango kwa ukwato. Darasa lilipiga makofi. Mwalimu naye aliridhika. Nadhani hakuwa amefika mwisho.

Uongo huo niliubeba mpaka Riyadh, mtaa wa Al-Malqa, miaka ile mawakala walipotuzoa wasichana wa kijiji kizima kwenda kazi za ndani. Kila nilipomsuka Lulu, binti wa madam aliyeniajiri, nilimsimulia farasi wangu, hadi Kiswahili kikamwingia. Likizo moja familia yao ilinipeleka Uingereza, na Lulu akang'ang'ania twende mji wa farasi, alikozaliwa mwandishi. Sokoni nilijaribu kupatana bei ya matufaha, muuzaji akanikodolea macho utadhani nimemwomba figo.

Ndani ya nyumba ya mwandishi, iliyogeuzwa makumbusho, kitabu chetu kilikuwa mezani, kizima. Lulu akafunua mwisho. Niliogopa kweli. Katika nchi ya ugenini, mtoto yule ndiye pekee aliyeniamini bila kuniuliza ikama, kile kibali cha kuishi.

Farasi alichinjwa. Msichana alikua, akamsahau.

Lulu alisoma mara mbili, akanigeukia. Nilimwambia yote, hata tumbaku ya babu. Alikifunga kitabu taratibu.

"Halas, yamekwisha, Mwikali. Huyu mwandishi hakumjua farasi vizuri."

Watoto wa leo hubonyeza simu wakapata mwisho kabla hata ya kujua jina la farasi. Sisi tulingoja zamu, na tulipokosa ukurasa tulijaza wenyewe. Nazikosa siku zile. Basi wenzangu wa darasa la sita, nisameheni kwa kuwaficha miaka yote hii. Wanenu wakiwaonyesha ukurasa ule kwenye simu zao, msibishane nao. Waambieni tu kwamba sisi tulimsikia akigonga.