Moshi Niliouomba

Juzi fundi mmoja wa Sotik alifungua amplifaya ya mteja mbele yangu, na harufu ya plastiki iliyoungua ikanirudisha Kapkatet, kwenye sherehe ya kanisa letu nilipokuwa mdogo.

Mama alikuwa ameshika maikrofoni aanzishe wimbo. Mwalimu wa kwaya akampokonya mbele ya watu wote.

"Mama, hiyo sauti peleka kwa ng'ombe," alisema, na watu wakacheka.

Mama alirudi kwenye birika za chai. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye nyasi kando ya spika. Nilifumba macho nikaomba: Mungu, mchome huyu.

Mwalimu alitaka sauti yake ifike mpaka kwenye kiwanda cha chai. Aliazima betri za lori la kubeba majani chai, akaziunga kwa mstari mmoja na zile za kanisa, akiamini betri nyingi ndiyo sauti kubwa. Amplifaya ikalia kama bisi kwenye sufuria, kisha ikatoa moshi. Akaimba hivyo hivyo. Hata waliokaa mbele hawakumsikia. Ndipo Mama akaanzisha wimbo kwa sauti ile ile ya ng'ombe, na uwanja mzima ukasimama.

Siku hizi najua Mungu hakuhusika. Ndani ya amplifaya mna kidude cha miguu mitatu kinachopunguza umeme unaoingia. Kina kiwango chake; ukikizidishia, kama betri zile zilizoungwa kwa mstari mmoja, kinaungua.

Fundi alinionyesha cha mteja wake kilivyopasuka. Nilikisogeza puani, nikavuta pumzi ndefu, nikasema amina.