Simu Chini ya Kuku

Niiwashe au nisiiwashe? Swali hilo limeninyima usingizi. Simu yangu iliingia maji, na shamba la maua la Timau litanipigia leo kuhusu kazi. Nikiiwasha ikiwa na maji itaungua. Nisipoiwasha, kazi itapita.

Nimeifukia ndani ya mchele. Harufu ya makapi imenirudisha utotoni Endarasha, siku simu ya nyanya yangu ilipotumbukia kwenye ndoo ya maziwa. Aliitoa laini, kile kikadi chenye namba, akaisukuma simu chini ya kuku aliyekuwa akiatamia kwenye makapi ili ipate joto. Kila nilipoifuata, kuku alinidonoa.

“Na baba akipiga kutoka Doldol?” nililia.

“Ati baba yako anapigia simu? Anapigia laini, na ni hii hapa. Panguza kamasi twende tukaiweke kwenye simu ya jirani.”

Nimeifukua simu yangu mcheleni, nikachomoa laini, nikaenda kubisha kwa jirani.