Oili ya Gari kwenye Pikipiki ya Mzee

Wateja wa gereji walimwita Spana. Alikuwa fundi wa magari, na pikipiki aliidharau waziwazi. Injini ya pistoni moja, alipenda kusema, hata mkwe wake anaweza kuifungua kwa kijiko. Kwa hiyo siku alipomtembelea baba yake na kukuta oili ya pikipiki imekuwa nyeusi tii, hakujisumbua kwenda dukani. Alikuwa na oili iliyobaki baada ya kuhudumia gari la mteja, nyepesi, ya bei mbaya. Akamwaga ile nyeusi, akaimimina hii yote kwa moyo mkunjufu.

"Baba, leo pikipiki yako imekunywa kinywaji cha matajiri!"

Mzee akacheka, akamshukuru mara mbili. Kazi yake ilikuwa kutengeneza cherehani za watu. Alifunga sanduku la vifaa nyuma ya pikipiki, akapanda mtaa wa mlimani, na kila mshonaji mwenye cherehani iliyogoma alikuwa akimngoja yeye.

Spana aliporudi safari nyingine, alikuta pikipiki imesukumwa pembeni ya ua na kufunikwa pazia kuukuu. Ndani ya helmeti kuku alikuwa ameatamia. Mama yake alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameiona siku nyingi.

"Baba yako kastaafu," mama alimnong'oneza. "Miaka yote namwomba aachane na hicho chombo, ananiona mpiga kelele. Sasa kaacha mwenyewe. Nalala usingizi, mwanangu."

Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi, mkono wa kushoto mapajani kama mzigo wa mtu mwingine.

"Mkono umekwisha, mwanangu," mzee alisema. "Nikianza kupanda mlima, injini inanguruma, pikipiki haisogei. Vidole vimebana klachi na mimi sina habari. Naviachia, kumbe havijaachia. Sasa mkono wa hivyo nitautia kwenye cherehani ya watu? Kesho fundi mwenzangu anakuja kuchukua sanduku la vifaa."

Spana aliivuta pikipiki nje, akaiwasha, akaipanda. Alipofika mlimani akatia gia, akavuta mafuta. Injini ikapiga kelele za kuamsha mtaa, pikipiki ikajikokota. Akautazama mkono wake wa kushoto. Alikuwa ameuinua hewani, mbali na klachi.

Alijua. Gari klachi yake ni kavu, ina chumba chake. Klachi ya pikipiki hii inaogelea humohumo kwenye oili ya injini, na ile oili ya matajiri imewekwa utelezi mwingi. Pleti za klachi zitashikanaje? Alifundishwa hayo zamani, akayapuuza, kwa sababu yalihusu pikipiki.

Dukani alisimama mbele ya rafu ya oili, akasoma chupa moja moja kama mzazi anayesoma dawa ya mtoto. Nyingine nyepesi mno, nyingine za gari. Mwishowe akapata nzito kiasi, yenye picha ya pikipiki na herufi MA za klachi ya namna ile.

"Fundi, unanunua au unasali?" muuzaji alimtania. Spana hakuweza hata kutabasamu.

Njiani shetani alimshika sikio. Nyamaza tu. Mama analala, mzee yuko salama, nani atajua? Lakini kila alipotaka kukubali, aliuona ule mkono mapajani. Ni yeye aliyeuweka pale.

Aliwakuta wote wawili uani, akasema yote kwa pumzi moja. "Si mkono, baba. Ni oili niliyotia mimi. Nisamehe."

Alingoja kugombezwa, alitamani kugombezwa. Mzee aliukunja mkono wa kushoto, akaukunjua, akaukunja tena.

"Kwa hiyo mkono wangu mzima?"

"Mzima, baba."

Mzee aligeuza uso ukutani kidogo, akajifuta macho. Halafu akaenda kumtoa kuku kwenye helmeti.

Walimwaga ile oili, wakaifungua klachi, Spana akaosha pleti moja moja, wakatia oili mpya. Mzee akafunga sanduku lake, akapanda mlima. Injini ilitulia, ikavuta, na mkono wa kushoto ukaonekana kwa mbali ukiaga.

Mama alikuwa amesimama getini, ameshika yai lililokutwa ndani ya helmeti.

"Ungenyamaza," alisema polepole, "ungepungukiwa nini?"

Sauti ya pikipiki ilififia, ikapotea juu ya mlima. Walibaki palepale getini, mama na mwana, wakisikiliza iwapo inarudi.