Sikio Lenye Gundu

Ukitaka wimbo wako ufe kifo cha aibu, niletee mimi niupende. Sisemi hivi kwa unyenyekevu. Mimi unyenyekevu sina, waulize Mwanjelwa nzima. Nasema kwa sababu hapa mjini Mbeya najulikana zaidi kwa hilo kuliko kwa kazi inayonilisha.

Inayonilisha ni kuingiza nyimbo. Nina kibanda pembeni ya soko, kompyuta moja kuukuu, spika, na bango nililoliandika kwa mkono wangu: ANDENDEKISYE, MZEE WA VIPAJI. Madereva wa malori ya Zambia, bodaboda, vinyozi, wote wananiletea flashi na memori kadi nawajazia. Nyimbo za mastaa kila mtu anazo. Sifa yangu, ambayo nilijipa mwenyewe, ni nyimbo za andagraundi. Kijana amerekodi Igawa kwenye chumba kisicho na dari, hakuna redio inayomjua, hana meneja wala viatu vya maana, lakini mimi wimbo wake ninao kabla mama yake hajausikia. Asubuhi naweka status: "Huyu mnayemdharau leo, mtanikumbuka."

Hawajawahi kunikumbuka. Filemoni wa Igawa alikuwa anarap huku anapuliza filimbi, sijui alikuwa anapumulia wapi. Mimi nikaona huu sasa ndio muziki, nikauweka bure kwenye kila flashi iliyopita mikononi mwangu. Dereva mmoja alirudi kutoka Tunduma, na lori lake na mzigo wake, kuja kuniambia niutoe. "Utingo wangu ameshuka njiani kwa sababu yako," akaniambia. Halafu akaja Liberatus, kijana mpole wa Iringa, akanibembeleza nisikilize wimbo wake wa harusi. Nilisikiliza nusu, nikamwambia mdogo wangu, rudi kwenu ukalime viazi. Sasa hivi kuanzia Tukuyu mpaka Iringa hakuna bibi harusi anayeingia ukumbini bila wimbo ule. Mwenye akili zake angejiuliza maswali. Mimi nilisema watu wa siku hizi hawajui muziki.

Ndiyo maana Obeid aliponiita, nilivimba kichwa. Obeid ni prodyuza. Studio yake iko Mafiati, nyuma ya gereji, kuta zote amezibandika trei za mayai. Ana chaneli yake mtandaoni, na ngoma akiiachia yeye inafika Njombe, inafika Songea, kwa hiyo haachii ovyo. Akanieleza kwamba kila wimbo mpya, kabla haujatoka, anataka niusikilize mimi kwanza.

"Kaka Ande, sikio kama lako hakuna mwingine analo," akasema.

Nikamwambia hilo nalijua.

Nikatengewa kiti cha sofa. Wengine wote, hata wasanii wenyewe, wanakaa juu ya ndoo za rangi. Naletewa chai ya maziwa na chapati. Wimbo unapigwa, na Obeid haangalii kompyuta, ananiangalia mimi usoni. Nikipenda nafumba macho, natikisa kichwa, napigapiga kidole kwenye paja kitaalamu. Nikichukia nakunja uso. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Nikifumba macho kwa raha, Obeid ananyong'onyea. Nikikunja uso, anasugua mikono. Nikasema moyoni, jamaa mashine anazijua ila muziki hajui, na nikamhurumia kabisa.

Mwaka jana, baridi ikiwa imeanza kukaza, akaja mdogo wangu Tupokigwe. Ameolewa Ilula na Mhehe mmoja anaitwa Kalinga, na anauza nyanya pale barabarani. Basi likisimama anakimbia nazo mpaka dirishani. Kuimba ameanza tangu mdogo, na kwaya ya Kilutheri ya kule inamtegemea. Lakini wimbo aliokuja nao safari hii haukuwa wa kwaya. Aliutunga mwenyewe, pale pale kwenye nyanya zake. Studio alizokwenda Iringa zote zilimkataa, na prodyuza mmoja alimwambia ana sauti ya kuitia kuku.

"Kaka," akaniambia tukiwa tunakula, "hapa ndio mwisho. Obeid akisema hapana, mimi studio sikanyagi tena. Nitauza nyanya, Jumapili nitaimba na wenzangu, basi."

Hakulia. Alisema huku anamega ugali, na hilo ndilo lililoniuma. Nikamwambia aondoe shaka, kaka yake ndiye mwenye kiti.

Obeid akamrekodi, ila mimi akanikataza kusogea. "Utausikia ukiwa umekaa kwenye kiti," akasema. "Sitaki uuzoee." Nikaona jinsi ninavyoheshimiwa.

Siku ya kuusikiliza ilipofika nilivaa shati la kanisani. Nikapita kwanza kwa Bupe, mama ntilie jirani yangu, ambaye ndiye anapeleka chai kule studio. Nikamtangazia kwamba leo mdogo wangu anatoka kimuziki, maana wimbo wake mimi nitaupenda tu, hata uweje.

Bupe akaacha kukoroga. "Mungu wangu! Kaka Ande, usiupende!"

"Nisiupende kwa nini?"

"Kwani hujui?" Akaniangalia juu mpaka chini, akaona kweli sijui. "Jamani! Wewe si ndiyo kipimo chao? Ukipenda, Obeid anafuta. Ukikunja uso, anaachia. Tangu uanze kukalia kile kiti hajakosea. Mji mzima unajua."

Mji mzima! Nilisimama pale na shati langu la kanisani. Nikakumbuka kila wimbo niliofumbia macho nikitikisa kichwa, na hakuna hata mmoja niliowahi kuusikia tena popote. Nikakumbuka Obeid anavyosugua mikono. Damu ikanichemka. Nikaenda Mafiati kwa miguu, natukana njia nzima kwa Kiswahili na Kinyakyusa, mpaka mama mmoja mwenye beseni la ndizi akavuka barabara kunikwepa. Nilishapanga kile kiti nitakitoa nje nikivunjevunje mbele ya mafundi gereji.

Nikasukuma mlango. Tupokigwe alikuwa amekaa juu ya ndoo ya rangi, amevaa kitenge chake kizuri, mikono ameibana katikati ya magoti. Aliponiona akatabasamu uso mzima. Yeye mambo ya kipimo hakuyajua. Alikuwa anamsubiri kaka yake aje aupende wimbo wake.

Hasira yote ikakosa pa kwenda. Nikifungua mdomo, Obeid atajua kwamba nimeshajua, na uso wangu hatauamini tena. Nikiupenda wimbo, anaufuta. Kilichobaki ni kimoja tu. Nikakaa kwenye kiti.

"Chapati?" Obeid akauliza.

"Lete," nikasema. Hasira ni hasira, lakini chapati haijanikosea kitu.

Wimbo unaitwa "Wa Siti ya Dirishani". Unaanza na sauti yake peke yake, bila ala yoyote, halafu gitaa linaingia taratibu. Anamwimbia abiria. Umenyoosha mkono ukachukua nyanya zangu, anasema, hukuniuliza jina, na mimi nitakuota usiku kucha ukifika huko uendako. Mimi nimepanda mabasi ya barabara ile miaka yote. Nimenyoosha mkono dirishani mara ngapi, nikavuta ndoo ya nyanya, na sijawahi hata siku moja kuangalia uso uliokuwa chini ya ile ndoo. Na mdogo wangu alikuwa huko chini muda wote, anatuangalia sisi. Nilikuwa sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile, naapa.

Nikakunja uso.

Mguu wa kulia ukaanza kupiga mdundo, nikaukanyaga na wa kushoto. Nikafikiria jino lililowahi kunitesa. Nikajaribu kufikiria ile filimbi ya Filemoni, haikusaidia, maana ile niliipenda. Tupokigwe akaingia kiitikio, machozi yakanijaa, nikajifanya nimepaliwa na chai, nikakohoa mpaka Obeid akanipiga mgongoni. Nikaona hapa nitaumbuka.

"Zima!" nikapiga kelele. "Zimeni jamani, hii ni nini? Huyu anaimba au anaumwa tumbo?"

Ilibidi nipige kelele, kwa sababu sauti ya kawaida ingetetemeka. Tupokigwe akainamisha kichwa, na nikaona mdomo unamcheza. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Obeid akaruka kutoka alipokaa. "Imetoka hiyo! Dada, usilie! Kaka yako hajawahi kuchukia wimbo kiasi hiki!" Na pale pale, mbele yangu, bila aibu hata chembe, akamweleza habari yote ya kiti na kipimo.

Tupokigwe akanyanyua uso, machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka. "Kweli, kaka? Umeuchukia kweli?"

"Umenitia kichefuchefu," nikasema.

Akanirukia shingoni akanikumbatia.

Wakaanza kusherehekea. Mimi peke yangu ndiye nilijua kwamba wimbo umekwisha, kwa sababu niliupenda, na nyimbo ninazopenda najua zinakoishia. Obeid akauachia. Siku za kwanza kimya. Nikawa naupiga kibandani tena na tena, natafuta kitu cha kuchukia, nota moja tu, herufi moja, wapi! Kila nikirudia naupenda zaidi, na kila nikiupenda zaidi naona namzika mdogo wangu. Nikaenda hadi kanisani kwetu Moravian, siku ya kazi, nikamwomba Mungu anipe chuki kidogo. Mchungaji akaniuliza naombea nini, nikamjibu ni mambo ya familia.

Halafu dereva mmoja wa basi akaja na flashi yake. "Niwekee ule wa siti ya dirishani." Nilidhani ananitania. Akaja wa pili, wakaja bodaboda, akaja kinyozi wa Uyole. Mpaka wiki inaisha watu wamepanga foleni kwangu. Wakanisimulia kwamba basi likifika Ilula abiria wanafungua vioo wanauimba wote, na wanawauliza akina mama wa nyanya majina yao.

Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilikuwa nimepatia. Mimi! Niliupenda wimbo ukiwa haujulikani na mtu, na ukapanda. Nilikimbia kwa Bupe kumwambia.

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Kaka Ande, sasa hivi kila mtu anaupenda. Hata wewe ruksa."

Nikamwambia Obeid. Akanikatisha katikati. "Kaka, usiniharibie kipimo." Nikawaambia wateja, wakawa wananihurumia. "Pole, najua huu wimbo unakukera, lakini niwekee tu, ni shemeji yako anautaka." Kila niliyemwambia aliona mzee wa watu anadandia gari kwa mbele.

Tupokigwe akahojiwa redioni Iringa. Niliongeza sauti ya redio hadi mwisho ili soko zima lisikie jina langu likitajwa. Mtangazaji akamuuliza alijuaje kwamba wimbo wake utapendwa. "Nina kaka yangu Mbeya, anaitwa Andendekisye," akajibu. "Aliuchukia mpaka akapiga kelele uzimwe. Hapo nikajua." Soko zima likasikia.

Siku ya onyesho lake la kwanza, ukumbini pale Iringa, akanipigia simu akiwa nyuma ya jukwaa. Nyuma ya sauti yake nilisikia watu wanapiga miluzi, wanamwita.

"Kaka, miguu haina nguvu."

"Kaimbe wewe, miguu ya nini?"

"Hapana, nisikilize. Dada Bupe kaniambia unapita Mwanjelwa unawaambia watu kwamba siku ile wimbo uliupenda. Yeye alikuwa anacheka. Mimi sijacheka. Niambie ukweli, kaka. Watu ni wengi humu, Kalinga na wakwe zangu wote wamekaa mbele kabisa. Kama uliupenda, mimi sitoki. Nitajua kwamba bado haijafika tu hiyo siku ya kuanguka, na naona kama ni leo."

Maneno yote nilikuwa nayo tayari, miezi nimeyabeba. Kwamba nilikuwa wa kwanza kuupenda kabla ya dunia nzima. Kwamba nilijikanyaga mguu mpaka ukaniuma, na ile chai haikunipalia. Hakuna mtu niliyetaka ayasikie kuliko yeye, na sasa alikuwa ananiuliza mwenyewe.

"Bupe muongo," nikasema. "Ule wimbo sijawahi kuupenda. Leo nimewawekea watu kutwa nzima, kichwa kinaniuma."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mdogo wangu. Ni mbovu kabisa."

Nikamsikia anashusha pumzi ndefu.

"Asante, kaka," akasema, na sauti yake ikarudi. "Basi ngoja nikauimbe."