Uso Niliompa Shoka

Mjomba wangu alipigwa na watu zaidi ya ishirini mchana kweupe, ndani ya saluni yake mwenyewe, kwa sababu ya kisanamu chenye urefu wa kidole gumba.

Kisanamu hicho nilikichonga mimi.

Najua wengine mtasema natunga. Sawa. Someni hadi mwisho, halafu mnitukane vizuri.

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Mikono imezoea vitu vidogo, kwa hiyo siku za mapumziko nilikuwa nachonga visanamu vya watu wa historia. Tulikuwa kikundi cha watu watano. Kila Jumamosi tunakutana chumba cha nyuma cha fundi fremu, kila mtu na brashi yake, tunabishana rangi ya kifungo cha koti mpaka chai inapoa.

Wafalme tulikuwa nao. Malkia tulikuwa nao, manahodha tele.

Siku moja nikasema, "Mimi namchonga Shoka."

Wote wakanigeukia.

Shoka alikuwa kamanda wa waasi miaka thelathini na tano iliyopita. Vijiji alivyopita havikubaki hata na kuku. Vita vilipoisha akatoweka, na hadi leo haijulikani kama yu hai au amekufa.

Nesi, tuliyemwita hivyo kwa kazi yake ya hospitali, mwanamke pekee kwenye kikundi chetu, akaweka brashi chini. "Muuaji unamweka kwenye kabati la kioo? Na taa unamwashia?"

"Historia ni historia, dada. Tukichonga wazuri tu, tunadanganya watu."

"Kuna waliozika ndugu zao kwa sababu yake. Wanapita barabara hii hii."

"Basi waje wamtemee mate!"

Wenzangu wakaangua kicheko. Nikajiona nimetoa bonge la hoja. Nesi hakucheka, alisema tu, "Haya. Mdomo uliponza kichwa."

Tatizo likawa uso. Picha ya Shoka iko moja tu, imepigwa kwa mbali, kofia imemfunika mpaka puani. Sasa sura naitoa wapi?

Kwa akili zangu, mtu mbaya lazima aonekane mbaya. Nikatafuta uso wa kutisha, na nikaupata nyumbani kwetu.

Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita. Ni kinyozi, mpole mpaka anakera. Mteja akimkanyaga, yeye ndiye anayeomba radhi. Lakini uso wake, Mungu anisamehe, unatisha. Taya limepinda kwenda kulia, shavu limebonyea, jicho moja limelala. Watoto wasiomjua hulia wakimwona. Alituambia alianguka kutoka kwenye paa ujanani, nasi hatukuuliza tena.

Meno yake ya bandia nilimtengenezea mimi, kwa hiyo umbo la taya lake nilikuwa nalo kazini, limemwagwa kwa plasta. Nikalipima, nikalipunguza, nikalichonga.

Sikumwambia. Hilo ndilo linalonitafuna mpaka leo.

Kwenye onyesho la wachongaji wa mji nikabandika kikaratasi: SHOKA, KAMANDA WA WAASI. SURA HALISI.

Halisi! Mimi huyu huyu niliandika. Kwetu sisi wachongaji, anayesifiwa ni yule mwenye sura halisi, na mimi nilitaka sifa. Nikapewa nafasi ya kwanza. Watu wakapiga picha kwa simu, picha ikasambaa.

Jumanne asubuhi, nikiwa kazini, nikafungua simu. Chini ya ile picha mtu kaandika: "Mbona huyu ni kinyozi wa pale jirani na kituo cha mafuta?"

Mwingine chini yake: "Twendeni."

Nilimpigia mjomba. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikatoka mbio na aproni yangu, meno ya mtu nimeyaacha mezani.

Nilipofika, kioo cha saluni kilikuwa kimeshavunjwa. Mjomba yuko chini, juu ya nywele za watu na vipande vya vioo. Wanampiga kwa mateke, kwa mikanda, kwa miguu ya kiti walichokivunja. Nilimwona fundi baiskeli ambaye mjomba humnyoa kila mwezi. Nilimwona hata mteja aliyekuwa kitini wakati wanaingia, amenyolewa nusu kichwa, shuka bado shingoni, naye anapiga!

Mjomba hakupiga kelele. Alijikunja tu, amefunika kichwa, na vidole vya mkono mmoja vilikuwa vimeelekea nyuma.

"Mwacheni! Ni mjomba wangu! Uso ule niliuchonga mimi, nilidanganya!"

Mmoja akageuka. "Kumbe mpwa wake! Damu moja hiyo!"

Nondo ikanipata juu ya jicho. Nikaanguka, damu ikaniziba macho. Mtu akanikanyaga shingo. Nikashika mguu wa kwanza niliougusa, nikauma mpaka nikasikia ladha ya damu isiyo yangu. Wakanivunja mbavu mbili ili niuachie.

Kisha nikasikia neno ambalo mpaka sasa likitajwa nashtuka.

"Petroli!"

Kituo kiko hatua thelathini. Mtu alikwenda na kurudi kabla sijaweza kupiga magoti. Wakammwagia mjomba kuanzia kichwani. Alikohoa. Nililia jamani, nililia kama mtoto, naita "Mjomba! Mjomba!" na sikuweza hata kumfikia.

"Mpisheni mama!" mtu akasema. "Mama alikuwepo enzi zile. Yeye ndiye awashe!"

Akapitishwa mama mmoja muuza mboga, mtu mzima. Wakamtia kiberiti mkononi.

Akainama. Akamgeuza mjomba kichwa taratibu, akalipapasa lile taya kwa vidole viwili.

"Nani kawaambia huyu ni Shoka?"

Mtu akamwonyesha picha kwenye simu.

"Shoka alikuwa mzuri," akasema. "Uso laini, sauti ya mtu anayekuombea dua. Alipoingia kwetu tulimtandikia mkeka."

"Sasa hilo taya, mama?"

"Hili ni kazi ya mkono wake! Waliokataa kumwonyesha watu walikojificha, aliwavunja upande huu huu, kwa kitako cha bunduki. Kaka yangu alizikwa na taya kama hili. Wapumbavu nyie, mnataka nimchome aliyekataa kututaja?"

Kiberiti akakitia kifuani mwake. Watu wakaanza kutoka, mmoja mmoja, bila kutazamana. Yule wa nusu kichwa aliokota kofia yake akaondoka nayo.

Hospitali, aliyenishona jicho alikuwa Nesi. Heri angenitukana.

Mjomba alipona, kama ni kupona. Jicho moja limekwenda, vidole vitatu havikunjiki, na taya likavunjika tena pale pale. Kwa wiki sita alifungwa waya mdomoni, akawa anaongea kwa kuandika.

Nilipiga magoti pembeni ya kitanda. "Mjomba, kwa nini hukutuambia?"

Akaandika polepole, kwa mkono wa kushoto: "Nilitaka mniangalie bila kumwona yeye."

Nilitoka nje nikajipiga kichwa ukutani.

Nilitaka kukiponda kile kisanamu kwa nyundo. Mjomba akakataa, akaandika: "Mchonge upya. Muulize yule mama."

Wiki tatu nilikaa kwenye meza yake ya mboga na kisu changu. "Paji pana kidogo. Macho yasiwe makali, hayakuwa makali. Mfanye atabasamu, baba, alikuwa anatabasamu." Siku nilipomaliza, mama alikitazama mara moja, akageuka pembeni akatapika.

"Ndiye," akasema.

Huenda mtaniuliza kama tukusanye visanamu vya watu wabaya. Mimi simkatazi mtu. Ila ukimweka muuaji kabatini, usimtie sura ya kutisha ili wewe ulale vizuri, maana sura hiyo utamvika mtu asiye na hatia.

Yule wa kweli nilimshika kiganjani siku ile, nikamtazama sana. Wallahi, angebisha hodi kwangu, ningemkaribisha ndani na kumvutia kiti.